Uniti Moja kwa Nguvu ya Miguu

Baiskeli ya mazoezi imeundwa ili ipoteze nguvu. Mtu hupanda, hunyonga pedali nusu saa, fulana ikaloa jasho, na kazi yote hiyo ikaishia kwenye pedi inayosugua ukingo wa gurudumu zito la chuma, au kwenye sumaku inayolikaba gurudumu hilo bila kuligusa. Ukipapasa penye msuguano baada ya zoezi utakuta pana joto. Joto hilo ni chakula cha mchana cha huyo mnyongaji: kimepita kwenye misuli, kikapita kwenye cheni, kikaishia hewani bila mtu kukihitaji.

Kwa hiyo fundi anayetaka kuigeuza baiskeli hiyo kuwa jenereta haanzi kwa kuongeza kitu. Anaanza kwa kuondoa. Anafungua nati za breki, anazitoa pedi, anaweka kando kile kirungu cha kukazia na kulegezea. Palipokuwa na breki anafunga mota. Kwa miguu ya anayenyonga, breki na mota ni mamoja, maana vyote viwili vinampinga. Tofauti yao ni kwamba breki inameza upinzani wote, ilhali mota inarudisha sehemu yake kwenye nyaya mbili zinazoweza kuwasha taa.

Mota yenye sumaku za kudumu haichagui upande wa kufanyia kazi. Ukiipa umeme inazunguka. Ukiizungusha inatoa umeme. Siri hiyo ilianza kufahamika mwaka 1831, Michael Faraday alipozungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku na kupata mkondo usiokatika. Karibu miaka 200 imepita na kanuni haijabadilika hata chembe. Mitambo ya bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji inaifuata, na mota iliyong'olewa kwenye mashine mbovu ya kukimbilia inaifuata vilevile.

Mafundi wengi hukimbilia oltaneta ya gari, kwa kuwa inapatikana kila penye vipuri vya mitumba, kuanzia Gerezani, Dar es Salaam, hadi mji mdogo wa wilayani. Ni chaguo la haraka lakini si zuri. Oltaneta imezoea kuzungushwa na injini kwa kasi kubwa sana, tena haina sumaku ya kudumu: lazima kwanza ilishwe umeme ili koili yake igeuke sumaku, na mlo huo unaweza kufika wati 30 au zaidi. Kwa injini ya gari, wati 30 si kitu. Kwa miguu ya mtu mzima mwenye afya, ni karibu theluthi ya nguvu zote alizonazo. Mota ndogo ya volti 24 na wati 250, ya aina inayofungwa kwenye skuta za umeme, inafaa zaidi.

Sasa inakuja hesabu ya puli, na hapa ndipo majaribio mengi huishia. Miguu hupenda mizunguko 60 hadi 90 kwa dakika. Mota ile ya skuta imeandikwa ubavuni mizunguko zaidi ya 2,600. Pengo hilo lazima lizibwe, na bahati nzuri baiskeli ya mazoezi imeshafanya sehemu ya kazi: meno ya mbele yakiwa mara tatu ya meno ya nyuma, gurudumu zito linazunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Mkanda ukivishwa kwenye ukingo wa gurudumu hilo, lenye kipenyo cha sentimita 45 hivi, ukaenda kwenye puli ya sentimita 5 iliyokaa kwenye shafti ya mota, kasi inaongezeka mara tisa tena. Tatu mara tisa ni 27. Mizunguko 70 ya miguu inakuwa 1,890 ya mota, na kwa kasi hiyo mota inatoa volti 14 hivi. Betri ya volti 12 haihitaji zaidi ya hapo ili ichajike.

Gurudumu zito lenyewe lisitolewe. Miguu haisukumi sawasawa. Inasukuma kwa nguvu pedali inaposhuka, kisha inapumzika kidogo, mara mbili katika kila mzunguko. Bila gurudumu hilo, taa ingepepesa kwa kila hatua. Kilo zake 18 au 20 zinapokea msukumo wa kigugumizi na kuutoa ukiwa umelainika.

Kati ya mota na betri panakaa diodi, kifaa kidogo kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba kuna wanaoiruka. Wakiiruka, siku ya kwanza mtu akiacha kunyonga, betri inaanza kuilisha mota, mota inavuta mkanda, na kwa kuwa baiskeli nyingi za aina hii hazina friwili, pedali zinazunguka zenyewe na kumgonga ugoko aliyekwisha kushusha mguu. Baada ya diodi inafuata fyuzi, karibu kabisa na betri, maana betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya na kuchoma banda zima. Mkanda na puli vifunikwe kwa bati au wavu, hasa penye watoto. Haya ni mambo ya dakika chache, na ndiyo yanayotenganisha chombo cha kutumika na chombo cha hatari.

Kisha inafika ile dakika ambayo kila aliyewahi kuipitia huisimulia. Mtu anapanda, ananyonga, nyaya zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Pedali ni nyepesi, gurudumu linavuma, mita inasoma volti 15. Mwenzake anagusisha waya kwenye balbu ya halojeni ya taa ya gari, wati 55. Balbu inawaka, na papo hapo pedali zinakuwa nzito kama za mtu aliyefika chini ya mlima Kitonga akiwa na gunia nyuma. Hakuna aliyegusa breki, hakuna kilichokaza cheni. Kilichoongezeka ni mwanga tu. Balbu ikiondolewa, wepesi unarudi. Ikiwekwa taa ya LED ya wati 5, yenye mwanga wa kutosha kusomea, mnyongaji hahisi karibu chochote.

Heinrich Lenz aliiandika kanuni ya jambo hilo mwaka 1834: mkondo unaozaliwa na mwendo hupinga mwendo uliouzaa. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaikariri kila mwaka na kuijibia mtihani. Ni wachache wanaopata nafasi ya kuihisi kwenye mapaja.

Waliokua enzi za Phoenix na Raleigh waliihisi bila kuijua kwa jina. Dainamo ya baiskeli, ile iliyoegemezwa kwenye tairi, kwa kawaida ilitoa volti 6 na wati 3 tu, taa ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Wati 3 ni kidogo sana, lakini msuguano wa kile kichwa chake chenye meno uliongeza mzigo, na mwendesha baiskeli aliyekuwa anarudi shambani usiku wa mbalamwezi aliibenua dainamo isiguse tairi, akaenda gizani kwa hiari yake. Alijua bei ya mwanga wake. Kizazi kinachobonyeza swichi ukutani hakina njia ya kuijua bei hiyo isipokuwa kwa tarakimu za mita ya LUKU zinazopungua, na tarakimu hazichoshi mwili.

Basi na ipigwe hesabu kwa kipimo cha mwili. Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwenye pedali kwa muda wa saa moja bila kuanguka. Waendesha baiskeli waliofunzwa hufika 200 na zaidi. Mabingwa wa dunia huweza kushikilia karibu 400 kwa saa nzima, na hao ni wachache mno. Tumchukue wa wati 100. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwa hiyo atanyonga saa kumi ili apate uniti moja, na hapo tunadhani kwamba hakuna kinachopotea njiani.

Kinapotea. Mkanda unachukua karibu asilimia 8. Mota ndogo inapoteza moja ya tano au zaidi. Diodi inakata chake, betri ya asidi inarudisha asilimia 80 tu ya kilichowekwa, na inveta ya kupandisha volti hadi 230 nayo inatoza ushuru wake. Ukizidisha hasara zote hizo, kinachofika kwenye soketi ni karibu nusu ya kilichotoka kwenye pedali. Saa kumi zinakuwa saa ishirini.

Na chakula je? Mwili hugeuza kama robo ya chakula kuwa kazi ya pedali. Kinachobaki kinakuwa joto na jasho. Uniti moja ni sawa na kilokalori 860. Gawa kwa robo, unapata zaidi ya kilokalori 3,400, ambazo ni karibu kilo nzima ya sembe. Ongeza hasara za mota na betri, inakuwa kilo mbili. Tanesco inawauzia wateja wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti hiyo hiyo kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Hakuna duka Tanzania linalouza kilo mbili za sembe kwa shilingi 100.

Kila mashine moja kati ya tisa za bwawa la Julius Nyerere ina uwezo wa megawati 235. Ili miguu ifanye kazi ya mashine moja, watahitajika watu 2,350,000 wanaonyonga wati 100 kila mmoja, wote kwa wakati mmoja, usiku na mchana. Hesabu hiyo haidharau miguu. Inaonyesha ukubwa wa kile ambacho maji ya Rufiji yanafanya kimyakimya tunapopiga pasi shati la kazini.

Mwaka 2009 televisheni ya BBC ilifanya jaribio la kuonyesha jambo hilo kwa macho. Katika kipindi cha sayansi kiitwacho Bang Goes the Theory, familia moja ya Uingereza ilikaa siku nzima ndani ya nyumba bila kujua kwamba umeme wake wote unatoka kwa wapanda baiskeli wapatao 80 waliopangwa kwenye ukumbi wa jirani. Taa hazikuwasumbua waendeshaji. Kilichowatoa jasho ni vitu vya joto: oveni, birika, na bafu la maji moto, ambalo lilidai miguu yote iliyokuwepo. Mwaka 2015 Mjerumani Robert Förstemann, bingwa wa mbio fupi za baiskeli za uwanjani, mtu mwenye mapaja yanayojulikana dunia nzima kwa unene, alipewa kibaniko cha mkate cha wati 700 akiendeshe peke yake. Alifaulu kubanika kipande kimoja. Alipomaliza alijitupa chini, hoi.

Somo la majaribio hayo ni moja, na kila anayejenga jenereta ya pedali alikumbuke kabla hajanunua hata bolti: usiguse joto. Kuchemsha lita moja ya maji ya chai kunahitaji karibu sehemu moja ya kumi ya uniti, yaani saa nzima ya wati 100 bila hasara yoyote. Pasi, jiko la umeme, birika na hita si kazi ya miguu. Jokofu nalo liachwe. Lakini taa ya LED ya wati 5 inawaka saa kumi kwa kile kinachobaki baada ya saa moja ya kunyonga. Simu janja inachukua wati-saa 20 hivi kujaa. Kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe, kinachukua wati-saa nne au tano. Redio ndogo inakula kidogo zaidi ya hewa.

Kwenye vitu hivyo vidogo, nguvu ya miguu imewahi kuokoa maisha ya watu.

Mwaka 1928 huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege ilianza Cloncurry, Queensland, katika Australia ya ndani ambako jirani wa karibu anaweza kuwa mwendo wa siku nzima. Mchungaji John Flynn, mwanzilishi wake, alikuwa na ndege na daktari, lakini mgonjwa hakuwa na njia ya kuita. Mashamba hayo hayakuwa na umeme, na betri za wakati ule zilikuwa nzito na ghali. Alfred Traeger, fundi umeme wa Adelaide, alifunga pedali za baiskeli kwenye jenereta ndogo na kuona kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti anaweza kutoa wati 20 bila kuhangaika. Mwaka 1929 redio za kwanza za pedali zilifungwa mashambani. Mama aliye peke yake na mtoto mwenye homa alikaa, akanyonga, akagonga alama za Morse, na daktari akapaa. Baadaye Traeger aliongeza kibao cha herufi kama cha taipureta ili hata asiyejua Morse aweze kutuma ujumbe. Wati 20 ni kidogo kuliko balbu ya zamani ya kibarazani. Zilitosha kwa sababu ziliwekwa mahali ambapo wati 20 ndizo zilizokuwa zinakosekana.

Afrika Mashariki imeifikia hoja hiyo kwa njia yake. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa uhandisi wa umeme wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walitengeneza chaja ya simu inayotumia dainamo ya baiskeli, wakitumia vipande vya vifaa chakavu, na kuiuza kwa shilingi 350 za Kenya. Wakati huo watu wengi wa vijijini walikuwa wanalipia kuchajiwa simu madukani, tena baada ya safari. Mwaka uliofuata Nokia ilizindua chaja yake ya baiskeli jijini Nairobi: dakika kumi za mwendo wa kilomita 10 kwa saa zilitosha kwa maongezi ya karibu nusu saa. Nchini Rwanda, kampuni ya Nuru ilisambaza mashine ndogo ya pedali iliyochaji taa tano kwa dakika 20 hivi, na mjasiriamali wa kijijini akatoza ada ndogo kwa kila taa. Pedali ya Rwanda haikushindana na bwawa la umeme. Ilishindana na kibatari, moshi wake na bei ya mafuta ya taa.

Hata New York, mji uliojaa umeme, ulirudi kwenye pedali kwa siku chache. Kimbunga Sandy kilipouzimia umeme upande wa chini wa Manhattan mwaka 2012, wanaharakati wa baiskeli walitoa jenereta zao barabarani na watu wakapanga foleni kuchaji simu. Walitaka kuwapigia ndugu zao na kusema wako salama.

Katika habari hii yote kuna swali la nani ananyonga na kwa ajili ya nani, na halipaswi kurukwa. Mwaka 1818 mhandisi wa Kiingereza William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyaga kwa ajili ya wafungwa. Magereza mengi ya Uingereza yalilichukua, na mara nyingi halikusaga wala kusukuma chochote. Watu walipanda ngazi zisizo na mwisho kwa saa nyingi ili wachoke tu. Lilikuja kuachwa mwishoni mwa karne hiyo. Mwaka 2012 gereza la Santa Rita do Sapucaí, Brazil, liliwapa wafungwa baiskeli za kuchaji betri zilizowasha taa za njia ya kando ya mto, nao wakapunguziwa siku za kifungo kwa saa walizonyonga. Hapa angalau mfungwa aliona taa inawaka na tarehe ya kutoka inasogea, wala hakulazimishwa. Lakini mstari kati ya msaada na unyonyaji ni mwembamba.

Mstari huo ulivukwa bila nia mbaya katika mradi wa PlayPump, pembea ya kuzunguka iliyobuniwa Afrika Kusini ili watoto wakicheza wavute maji kutoka kisimani. Mwaka 2006 wafadhili wa Marekani waliahidi mamilioni ya dola, na pampu zikafungwa katika nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Mwaka 2009 gazeti la Guardian lilichapisha hesabu rahisi: ili pampu moja itoshe watu 2,500 kama ilivyoahidiwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Watoto walipochoka, kina mama waliachwa wakiizungusha kwa mikono. Aliyewahi kupanda baiskeli ya jenereta na kuona mita ikisoma wati 60 asingeidhinisha mradi ule. Wale walioidhinisha walikuwa na elimu ya kutosha, ila hawakuwa wameonja kwa miili yao kiasi cha kazi ambacho mtoto anaweza kutoa.

Mafundi wenyewe wana hekima moja zaidi: kama kazi yenyewe ni ya kuzungusha, usiipitishe kwenye umeme. Mnoa visu wa mitaani Dar es Salaam analijua hilo. Anafika na baiskeli, anaiinua kwenye stendi gurudumu la nyuma lisiguse ardhi, anavisha mkanda kwenye jiwe la kunolea lililofungwa kwenye fremu mbele ya kiti, anapanda na kunyonga. Cheche zinaruka, kisu cha mama lishe kinarudi na makali, na karibu kila wati iliyotoka mguuni imefika kwenye chuma. Angetaka kufanya hivyohivyo kwa jenereta, betri na mashine ya umeme, angefanya kazi mara mbili. Jijini Arusha, kampuni ya Global Cycle Solutions ilifuata njia hiyo kwa mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Cherehani ya miguu imeshona sare za shule za vizazi vitatu bila kuuliza kama kuna mgao wa umeme.

Arusha hiyohiyo ndiyo iliyompokea mwaka 2007 kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliyepanda jukwaani kwenye mkutano wa TED akiwa na Kiingereza cha wasiwasi na hadithi ambayo ukumbi ulisimama kuishangilia. Njaa ya mwaka 2002 ilikuwa imemtoa shule kwa kukosa ada. Kwenye maktaba ndogo ya Wimbe alikuta kitabu cha nishati chenye picha za vinu vya upepo. Akatafuta fremu ya baiskeli, feni ya trekta, mabomba ya plastiki na dainamo ya baiskeli, akavipandisha juu ya mnara wa miti ya mkaratusi, na nyumba ya wazazi wake ikapata taa. Ukiichunguza mashine yake, ni baiskeli yenye dainamo ambayo pedali zake amekabidhiwa upepo. Mtu hawezi kunyonga usiku kucha, lakini upepo unaweza. Yeyote anayeanza na miguu akafika kwenye upepo, maji au jua amepita njia sahihi, kwa kuwa anajua kwa hakika ni mzigo gani ameutua.

Leo paneli ya jua ya wati 100, katika siku ya jua zuri, inatoa wati-saa 400 hivi, sawa na kile ambacho mnyongaji wa wati 100 angetoa kwenye pedali kwa saa nne, na haidai ugali. Mwenye fedha za kununua kimoja tu, anunue paneli. Jenereta ya pedali ibaki kuwa msaidizi wa masika, mawingu yanapokaa wiki nzima, na wa siku ambazo mgao umerudi na simu ya nyumbani ina asilimia tatu. Lakini iko sehemu moja ambayo paneli haiwezi kuchukua nafasi yake, nayo ni darasani.

Mwanafunzi akishakariri kwamba nguvu ya umeme ni volti mara ampea, apandishwe baiskeli. Mwenzake ashike mita asome: volti 13, ampea 5. Darasa zima lizidishe: wati 65. Kisha waunganishe taa ya LED, halafu balbu ya wati 55, halafu vyote viwili, na mnyongaji aseme anachokihisi. Wapime dakika ngapi za jasho zinajaza kitochi cha mwalimu. Wapige hesabu ya uniti zinazotumiwa na jokofu la shule kwa siku moja na watu wangapi wangehitajika kuliendesha. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara moja hataacha taa ikiwaka mchana kwenye bweni tupu, wala hatahitaji kuhubiriwa.

Walimu wa fizikia, wakufunzi wa vyuo vya ufundi na wakuu wa shule wasisubiri mfadhili kwa hili. Majimu ya mijini yana baiskeli zilizokatika breki au kiti zinazongoja kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, waziombe. Fundi wa kuchomelea yuko kila mji. Vinavyobaki ni mota, mkanda, puli, diodi, fyuzi, betri, bati la kufunika, na mwalimu aliye tayari kupanda wa kwanza mbele ya darasa lake.